Mume aogopa Eastleigh, wifi ataka nilale Umoja: nifikie wapi Nairobi?

Dada, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mapazia, mashuka na abaya katika Soko la Kilombero hapa Arusha. Miaka yote mzigo wangu umekuwa ukitoka Nairobi kupitia kwa mtu mmoja aliyekuwa akitununulia kina mama kadhaa kisha anatutumia kwa basi. Mwanzoni alikuwa mwaminifu. Siku hizi ananionyesha kwenye picha pazia zito la kupendeza, mzigo ukifika nakuta kitambaa ambacho ukikitundika dirishani unamwona mpaka paka anayepita nje. Nikilalamika ananijibu ndicho kilichokuwepo. Nimechoka. Ramadhani inakaribia, wateja wameshaanza kuulizia mapazia ya Idi, nami nimeamua kuja mwenyewe nichague kwa mkono wangu.

Shida ni pa kulala. Kila ninayemuuliza ananipa mtaa wake na kuutukana wa mwenzake.

Mume wangu hataki hata kulisikia jina la Eastleigh, mtaa wenye maduka ya vitambaa ninayoyafuata. Amesoma kwenye simu kwamba Wamarekani wanawaonya watu wao wasiende huko, basi anasema, kama Mmarekani mwenye ubalozi wake pale pale anaogopa, wewe ni nani usiogope? Yeye anataka tulale Kilimani, kwa binti wa rafiki yake anayekodisha nyumba kwa siku. Anasema ni mtaa wa mabalozi na wazungu, hakuna baya. Lakini huyo binti anataka elfu tano na mia tano za Kenya kwa usiku mmoja, na bajeti yangu haizidi elfu tatu na nusu.

Wifi yangu anaishi Umoja. Huyu ameshanuna kabla sijafika. Ameniambia ndugu hawezi kulala gesti wakati nyumba ya ndugu ipo, watu watasema amenifukuza. Nampenda sana wifi yangu, ila nyumba yenyewe ni chumba na sebule, wako yeye, mumewe na watoto wanne. Anatoka kwenda kazini alfajiri na kurudi usiku.

Halafu shoga yangu wa sokoni ananicheka. Anasema wote hao wananipotezea hela, yeye akienda Nairobi analala River Road, gesti ya shilingi mia nane, hapo hapo mabasi yanaposhushia. “Unashuka, unapanda ngazi, umefika.”

Nitakuja na mdogo wangu wa kike mwenye miaka kumi na tisa. Tutalala siku tatu. Tutapanda basi la saa nane mchana kwa sababu asubuhi nataka nifungue duka kwanza, niuze kidogo. Hela nitabeba mkononi, sijazoea mambo ya kutuma kwa simu kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Dada, mimi si mwoga. Ninachoogopa ni mtaji. Zaidi ya nusu ni hela ya kikoba chetu cha kina mama, nikiibiwa sijui nitawaangaliaje machoni. Naomba uniambie ukweli, mtaa gani ni salama?

Mama Nasra, Arusha

*

Waaleikum salaam, Mama Nasra.

Katika barua yako yote, kilichonishtua ni kitu ulichokitaja kwa kupita tu: basi la saa nane mchana. Mtaa tutaupata. Tuanze na hilo basi.

Kutoka Arusha mpaka Nairobi ni kama kilomita 270. Siku hizi pale Namanga mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja, lakini basi jingine likiwatangulia, foleni inaweza kula saa nzima. Baada ya hapo kuna Kajiado, Isinya, Kitengela, halafu Athi River, ambapo barabara yenu inaingia kwenye ile ya Mombasa pamoja na malori yote ya bandarini. Ukiondoka saa nane, shukuru Mungu ukiingia mjini saa mbili usiku. Saa tatu si ajabu. Na jua la Nairobi huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, iwe Januari iwe Julai. Mtashuka gizani, katika jiji msilolijua, na mizigo mikononi.

Mabasi mengi ya masafa marefu hushusha abiria upande wa River Road na mitaa inayopakana nayo. Mlango ukifunguliwa tu, vijana wako tayari: “Madam, teksi? Eastleigh? South C? Lete hiyo begi.” Mkono umeshafika kwenye begi kabla jibu halijakutoka. Wengi wao wanatafuta riziki ya halali, ila kuna mmoja ambaye siye, na usiku hutamjua ni yupi. Wakati wewe unavutana na aliyeshika begi, mdogo wako ametoa simu ampigie wifi yako, kioo kinamwangaza usoni, na hayo mazungumzo hayatafika mwisho. Halafu kuna ngeta: mmoja anakukaba shingo kutoka nyuma, mwenzake anapekua mifuko. Vichochoro vya eneo hilo vinajulikana kwa ngeta, hasa maduka yakishafungwa.

Kwa hiyo pandeni basi la asubuhi, la saa mbili au kabla, mfike saa nane au tisa alasiri watu wakiwa wamejaa barabarani. Mauzo ya asubuhi moja pale Kilombero hayafiki hata robo ya unachokihatarisha. Na ikitokea basi likaharibika njiani mkaingia usiku, msitoke nje ya ofisi ya basi. Kaeni ndani, kwenye mwanga, muiteni Uber au Bolt mkiwa mmeketi, na msitoke mpaka gari liwe mlangoni na namba za usajili zilingane na zile za kwenye simu. Ikiwa ni usiku wa manane, lalieni mabegi yenu hapo hapo ofisini mpaka pakuche. Hakuna atakayewashangaa. Kila alfajiri kuna abiria katika ofisi hizo waliojifunika leso wakisubiri mwanga.

Sasa mtaa. Mama Nasra, lala Eastleigh.

Najua Baba Nasra akisoma hapa atavua miwani, na sitaki kumdharau, kwa sababu hajatunga. Ni kweli Marekani imekuwa ikiutaja mtaa huo, pamoja na Kibera, katika maonyo kwa raia wake. Na mambo yalitokea: kati ya 2012 na 2014 Eastleigh ilipigwa na milipuko, watu wakafa, hata ndani ya matatu. Aprili 2014 polisi waliuzingira mtaa katika msako mkubwa, na watu kwa maelfu wakakamatwa, wengi wakapelekwa kuzuiliwa uwanja wa Kasarani. Hayo hayafutiki.

Lakini shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, halikuwa Eastleigh. Lilikuwa Westlands, kwenye duka la wenye nazo. Lile la Januari 2019 lililoua watu 21 lilikuwa barabara ya Riverside, kwenye hoteli na ofisi za kifahari, si mbali na hiyo Kilimani anayoisifu. Na mwanzoni mwa 2024 wanawake wawili waliuawa katika majuma mawili, kila mmoja ndani ya nyumba ya kukodi kwa siku, mmoja South B, mwingine Roysambu. Hiyo ni mitaa ya watu wa kawaida, ambayo hakuna ubalozi ulioitia wekundu kwenye ramani. Jina la mtaa halifungi mlango. Onyo la ubalozi linaandikwa kwa mgeni asiye na shughuli huko, na kwake ni onyo la busara: kama huendi kununua wala kumwona mtu, Eastleigh unafuata nini? Wewe una unachokifuata.

Nikiulizwa mtaa salama ni upi, huwa nauliza kwanza: saa kumi na mbili jioni utakuwa wapi, na umeshika nini? Wewe saa hiyo utakuwa Eastleigh, umechoka, una vipimo vya mapazia kwenye karatasi na hela iliyobaki mkobani. Ukiwa umepanga Kilimani, hapo ndipo safari inaanza. Eastleigh iko mashariki ya jiji, Kilimani iko magharibi. Lazima uvuke mji wote katikati ya jamu ya jioni, Pangani au Pumwani, Ngara, katikati ya mji, halafu Valley Road au Ngong Road. Saa moja na nusu ukibahatika, mvua ikinyesha usihesabu. Kila siku, kwenda na kurudi, nauli ya gari juu ya zile elfu tano na mia tano. Ukipanga Eastleigh unatoka dukani, unavuka barabara, unapanda ngazi, unaswali magharibi ukiwa chumbani.

Tena biashara yote ile unayoifuata ilianzia gesti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita walipanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, wakaanza kuuzia bidhaa vyumbani, mteja anaingia anakuta vitambaa vimetandazwa kitandani. Vyumba vikageuka maduka, na kutoka hapo yakaota majumba ya biashara unayoyaona sasa, Amal Plaza na mengineyo, ghorofa juu ya ghorofa. Ndiyo maana hoteli na maduka yamechanganyikana pale kuliko popote Nairobi. Wanunuzi wa Uganda, wa Kongo, na kina mama wa kwenu, wote wanalala humo humo.

Ila Eastleigh ni kubwa, na sisemi ulale popote. Tafuta hoteli iliyo juu ya First Avenue yenyewe au hatua chache kutoka hapo, ambako maduka na mikahawa hubaki wazi hadi usiku na watu hawakatiki. Usikubali chumba cha bei rahisi kule mwisho karibu na Juja Road, unakopakana na Mathare, wala kule chini mtaa unapoteremkia Pumwani kwenda Gikomba. Mchana pita kote utakako. Watu wa Mathare si wezi, wengi ndio watakaokubebea mzigo. Lakini giza likiingia, mgeni anayesimama njia panda akiangalia kushoto na kulia anaonekana kutoka mbali.

Hatari za Eastleigh za kila siku ni ndogondogo na ni nyingi. Simu inayochomolewa mkononi na kijana aliyepakiwa kwenye pikipiki. Mkoba ulioning'inia mgongoni katika msongamano wa Jam Street, unafunguliwa zipu wala husikii. Boda boda zinazopanda juu ya njia ya miguu, mikokoteni isiyo na breki, na matope ya kukuvua kiatu kukinyesha. Vaa mkoba mbele, chini ya mtandio. Picha ya pazia pigia ndani ya duka, usipigie mlangoni.

Kisha kuna polisi. Eastleigh watu husimamishwa na kuulizwa kipande, yaani kitambulisho, na mgeni huonekana haraka. Njooni na pasipoti, au hati yoyote ya safari mtakayopewa na uhamiaji wa kwenu, na mhakikishe zimegongwa muhuri wa kuingia Kenya. Pale Namanga kuna watakaokwambia, “Mama, foleni ya nini, pitia huku.” Usipite huko. Bila muhuri utakuwa windo la kila mwenye sare, na utalipa mara nyingi kuliko ungechelewa. Ukisimamishwa, msalimie vizuri, mwonyeshe pasipoti, mwambie hoteli unayolala. Usifungue pochi.

Kuhusu chumba. Kwa bajeti yako ya elfu tatu na nusu utapata chumba safi cha vitanda viwili, mradi usingoje wiki ya mwisho kabla ya Idi, maana hapo hata wenyewe wanalala wamebanana. Piga simu mapema. Tena piga mara mbili, mara ya kwanza mchana, ya pili saa nne usiku. Mchana kila hoteli ina mtu wa mapokezi mwenye sauti ya asali; unataka kujua usiku anapokea nani, na nyuma yake unasikia nini. Muulize geti linafungwa saa ngapi, kama kuna jenereta, na kama maji yapo kila siku, maana Nairobi maji ni ya mgawo na asiye na kisima au tangi atakuletea ndoo.

Mtakapofika, msilipe kabla ya kuona chumba. Angalia komeo la ndani. Kitasa cha funguo peke yake hakitoshi, kwa sababu funguo ya akiba iko kwa mtu. Ombeni ghorofa ya pili au ya tatu: ya chini madirisha yanafikika, ya saba lifti ikifa mtakoma. Wakiwaomba pasipoti waandike jina lako na namba kwenye daftari, usione usumbufu. Gesti isiyokuuliza wewe ni nani haikumuuliza pia anayelala chumba cha jirani. Hapo ndipo zile nyumba za kukodi kwa siku zinaponitia shaka, za Kilimani na za kokote: malipo kwa simu, funguo kwenye kisanduku, mlinzi wa geti hajui nani mpangaji nani mgeni wa mpangaji. Zipo nzuri, na binti wa rafiki yake Baba Nasra huenda ni mtu mwadilifu kabisa. Lakini ukipata shida saa nane za usiku, atakayekuja kugonga mlango ni nani?

Jambo jingine la Eastleigh ambalo watu hawalitaji: hoteli nyingi pale hazina baa. Hakuna mlevi wa kukosea mlango, na wanawake wawili wanaosafiri kibiashara ni jambo la kawaida kabisa. River Road ni kinyume chake. Shoga yako hajakudanganya, chumba cha mia nane kipo, lakini mara nyingi kiko juu ya baa inayopiga muziki mpaka alfajiri, na vyumba vya jirani vinalipiwa kwa saa. Yeye amezoea, anajulikana, pengine hata mwenye gesti humwita kwa jina. Mjini Nairobi mpaka ni Moi Avenue. Ukivuka kuja chini, Tom Mboya, River Road, Kirinyaga Road, mchana kuna biashara tamu, usiku wenyeji wenyewe tunaharakisha. Mdogo wako wa miaka kumi na tisa simtaki ngazi zile.

Kama mzee atashikilia kwamba Eastleigh haiwezekani, usigombane naye hadi mkakosana kwa sababu ya usiku tatu. Mwambie Pangani. Imepakana na Eastleigh, ni mwendo mfupi wa gari, na jina lake halimtishi mtu. Parklands pia pazuri, ghali kidogo. South C watu wa Pwani wanapapenda, kumetulia, misikiti ipo, ila kutoka huko hadi Eastleigh umerudi kwenye shida ile ile ya kuvuka mji, na masika yakikaza barabara zake hujaa maji.

Sasa hela ya kikoba. Hapa nakuwa mkali, nisamehe. Usivuke Namanga na mtaji mkobani. Hizo hela hazitakuwa salama hata ukilala ikulu. Kabla ya safari, nenda kwa wakala wa Vodacom hapo Arusha akuonyeshe jinsi ya kutuma kutoka M-Pesa ya Tanzania kwenda ya Kenya, inawezekana na si mpya. Ukifika Nairobi ingia duka la Safaricom lenyewe na pasipoti yako, usajili laini kwa jina lako. Usinunue laini ya barabarani iliyokwisha sajiliwa: ina mwenyewe, na siku moja ataidai ikiwa na hela zako. Laini ikishakaa sawa, mumeo au katibu wa kikoba anakutumia kidogo kidogo kadiri unavyonunua. Kwa Kenya, muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku 500,000. Sidhani mapazia yako yatafika huko, lakini jua. Karibu kila duka la Eastleigh lina namba ya kulipia, iko kwenye kibao ukutani. Jina litakalotokea kwenye simu lisome kwa sauti, mwenye duka aitikie, ndipo uweke namba yako ya siri. Mkononi baki na ya chakula, chumba na nauli, mgawane wewe na mdogo wako.

Mzigo nao usiupeleke chumbani. Ukishachagua, usimame pale pale unapofungwa, utie alama yako kwa kalamu ya wino mzito, na kata kipande cha kila kitambaa uondoke nacho, ili ukifungua Arusha ulinganishe. Wauzaji wengi wamezoea wateja wa nje, watakuunganisha na wasafirishaji au watakupelekea robota mpaka ofisi ya basi, nawe udai stakabadhi na ulipe ushuru wako pale mpakani kwa haki. Mnachopaswa kupanda nacho ngazi za hoteli ni chakula cha jioni.

Nimemwacha wifi mwisho kwa sababu huyo ndiye mgumu. Mitaa yote ina dawa, moyo wa wifi hauna.

Usilale Umoja siku za manunuzi. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku atakuachia funguo, watoto na wasiwasi, na wewe utakuwa unapanda matatu asubuhi na jioni kupitia Outer Ring Road. Zaidi ya hapo, watu wanane katika chumba na sebule pamoja na hela ya kikoba ni mtihani usio wa lazima kwa kila aliyemo. Kikipungua kitu, hata kama mlikiangusha wenyewe sokoni, undugu umekwisha.

Mpe heshima yake kwa njia nyingine. Maliza manunuzi siku mbili, mzigo uwe umeshakabidhiwa kwa basi, halafu usiku wa tatu nendeni Umoja mchana kweupe mkalale kwake hata kama ni mkeka sebuleni, mkiwa hamna cha kuibiwa. Mpelekee mchele wa Kyela, Nairobi mchele mzuri wa Tanzania unamfurahisha mtu kuliko doti ya khanga. Na kama siku moja ya manunuzi atakuwa na mapumziko, mwombe akusindikize Eastleigh. Mwenyeji wa Umoja anajua kupatana bei kwa lugha ya Nairobi, wewe ukifungua mdomo tu na Kiswahili chako cha “naomba” na “samahani” bei imeshapanda.

Lakini maneno ya kumwambia kwamba hamfikii kwake siku ya kwanza hayapaswi kutoka kwako. Ni dada yake Baba Nasra. Yeye ndiye anayejua kumtania akacheka, na yeye ndiye akisema “nimeamua mimi” hakuna atakayesema mke wake ana maringo. Ampigie kabla hujakata tiketi, asingoje mpaka uwe Namanga.